Kilicholetwa na Mzazi

Jumatatu ya kwanza ya muhula, Januari 1997, foleni ya wazazi katika Shule ya Upili ya Mto Safi ilianzia dirishani kwa karani, ikapita nyuma ya choo cha walimu, ikafuata mtaro na kuishia getini. Kila mzazi alishika ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na ufagio, kitambaa cha kupigia deki, karatasi za chooni na bunda la karatasi za kuchapia mitihani. Wazazi wa kidato cha tatu walikuwa na kitu kimoja zaidi, kwa sababu kidato cha tatu ndipo watoto huanza maabara, na shule ilikuwa imetuma orodha. Aliyeandikiwa sumaku alileta sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio ya mume wake. Aliyeandikiwa chupa ya kuchemshia alileta chupa ya jemu. Ndindi alikuwa ameandikiwa kipimajoto kimoja.

Alikuwa amekitafuta sokoni Gikomba siku tatu. Muuza vyuma alimtolea saa ya gari. Mwenye duka la dawa alimwambia alivyo navyo ni vya homa tu, ukikitia kwenye maji ya moto kinakupasukia mkononi. Mume wake Wathome, ambaye ni mchonga vinyago, alisema angemchongea kimoja cha mti wa muhugu, kizuri, na namba zake ubavuni.

"Kitafanana," alisema.

"Kufanana si kupima," Ndindi akamjibu, akatoka mtaani Ziwani na ndoo mkono mmoja na binti yake Muthoki mkono wa pili.

Dirishani alikaa karani aitwaye Nduta, mwenye muhuri na kikombe cha uji.

"Kipimajoto kiko wapi, mama?"

"Sikukipata, madam. Lakini mtoto nimemleta."

"Mtoto namwona. Sasa fomu haiwezi kutoka hapa na nafasi wazi. Andika kitu."

Fomu ilikuwa na safu mbili. Ya kushoto ilisema Kinachohitajika. Ya kulia ilisema Kilicholetwa na Mzazi. Ndindi aliishia darasa la saba, na katika maisha yake yote, kliniki, kanisani, wodi ya kujifungulia, kila alipopewa fomu yenye nafasi ya mzazi alikuwa akiandika jina la mtoto, na hajawahi kurudishwa. Akaandika Muthoki Wathome, kwa mwandiko wake wa kulala. Nduta akagonga muhuri wa kupokelewa bila kusoma, akanywa uji. Foleni ikasogea.

Kila mzazi na aisome safu ya kulia mara mbili kabla hajaweka kalamu. Hilo ndilo la kwanza.

Maabara ya Mto Safi ilijengwa kwa harambee, na jiwe la ufunguzi bado lipo ukutani. Ndani kulikuwa na meza ndefu zenye mabomba yasiyotoa maji, na upande mmoja kabati la vioo kutoka sakafuni hadi darini. Ndani ya kabati kulikuwa na masanduku ya mbao yaliyotoka ng'ambo, yamejaa majani makavu, hayajafunguliwa tangu yashushwe kwenye lori. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mkuu, Bwana Gichuru. Aliuvaa shingoni chini ya tai. Wageni wakija aliwapeleka wakaangalia masanduku kupitia kioo, akapangusa kioo kwa kiwiko, wakaondoka wameridhika.

Kwa hivyo mwalimu wa fizikia, Bwana Lusweti, alifundisha kwa chaki. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Alichora jiko la gesi, akachora chupa juu yake, akachora mapovu.

"Chukulieni haya ni maji," alisema. "Chukulieni yamechemka. Yako digrii ngapi?"

"Mia moja, mwalimu!"

"Vizuri. Andikeni."

Walikuwa arobaini na wanane na wote walichukulia. Muthoki alichukulia kuliko wote, kwa sababu alikuwa na haja yake. Tangu akiwa darasa la tano alitaka kuwa yule mtu wa hospitali anayekaa chumba cha nyuma, akatazama damu ya mgonjwa kwenye kioo, akasema ugonjwa ni huu na si ule. Alikuwa ameuliza, akaambiwa bila fizikia na bila ule mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, mlango huo haufunguki. Ndindi naye hakuwa na ombi lingine kanisani. Mtoto aufikie mtihani, aketi, afanye.

Katika wiki ya tatu, saa kumi na moja jioni, Muthoki alikuwa akiosha sufuria nyumbani, kwenye bomba la uani, na Ndindi akaona kwamba kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekuwa kioo. Kilikuwa safi kabisa, unaona povu la sabuni upande wa pili. Katikati yake kulikuwa na uzi mwembamba wa fedha, na ubavuni mistari midogo na namba.

"Tangu lini?" Ndindi akauliza.

"Jumanne."

"Kinauma?"

"Hapana. Kinasikia baridi tu."

"Basi sugua hiyo sufuria kwa mkono ule mwingine."

Wakati wa chai Muthoki aliweka kidole kwenye kikombe cha baba yake, akakiinua mbele ya jicho bila kukiinamisha, kama walivyofundishwa. "Sitini na nane," akasema.

"Chai yangu haitaki kidole," Wathome akasema. Halafu akaonja. "Lakini sitini na nane ndiyo naipenda."

Asubuhi yake Ndindi aliongea na jirani yake wa ukuta mmoja, Teresiah, aliyekuwa akimenya minji mlangoni. Teresiah alikuwa na binti darasa lilelile, Shirleen.

"Wangu ni jicho, Mama Muthoki. La kulia. Jana alikaa akiangalia nje, jua likampitia, akaniunguzia kitambaa cha kochi. Kile cheupe nilichokifuma mwenyewe."

"Shule ilikuandikia nini?"

"Lenzi."

"Na wewe ukaandika nini kwa ile fomu?"

Teresiah akaacha kumenya. "Nilimwandika Shirleen," akasema. "Si kulikuwa na nafasi wazi?"

Ndindi alimpeleka Muthoki kwenye zahanati ya kanisa. Muuguzi alikigeuza kidole kwenye mwanga, akauliza kama kinafika digrii arobaini na mbili. Muthoki akasema kinafika mia moja na kumi. Zahanati ilikuwa imevunja cha kwake tangu Krismasi, kwa hivyo Muthoki alikaa pale hadi saa saba akiwapima homa watoto waliokuwa kwenye benchi, akipanguswa kidole kwa spiriti baada ya kila mmoja. Walipomaliza, muuguzi aliandika kwenye kadi: Mwenye afya. Aletwe tena Ijumaa.

Shuleni watoto walizoea kwa siku mbili.

"Niaje Muthoki, leo kuna joto gani?"

"Ya kukutosha wewe na ujinga wako."

"Usimsukume bana, akivunjika tutaitwa ofisini!"

Aliyefurahi kweli ni Mwalimu Lusweti. Alileta jiko la makaa kutoka nyumbani kwake, akateka maji kwa debe, akaweka sufuria mezani, na kwa mara ya kwanza tangu maabara ijengwe kitu kikachemka ndani yake. Darasa zima lilisimama juu ya viti. Muthoki akatumbukiza kidole, akangoja, uzi wa fedha ukapanda, ukasimama.

"Tisini na tano, mwalimu."

"Ngoja kidogo."

Akangoja. Maji yalikuwa yakiruka nje ya sufuria. "Ni tisini na tano tu. Haipandi tena."

Lusweti aliinama akasoma mwenyewe. Alijua kwa nini. Nairobi iko juu milimani, na maji ya juu huchemka mapema. Jambo hilo alilisoma chuoni, akalipenda sana siku hiyo, halafu akalisahau. Alilieleza kwa dakika mbili, na uso wake ulikuwa wa kijana. Kisha akaangalia mlangoni.

"Sasa andikeni mia moja," akasema.

"Lakini mwalimu, tumeona ni tisini na tano," Muthoki akasema.

"Umeona, ndiyo. Lakini anayesahihisha ataona nini? Atafikiri maji yenu hayajachemka. Andika mia."

Arobaini na saba waliandika mia. Muthoki aliandika tisini na tano, na kando yake akaandika: nilikuwepo.

Habari za jiko zilimfikia Bwana Gichuru kabla makaa hayajazimika. Alikuja na karani Nduta, na Nduta alikuja na leja. Hakupandisha sauti. Alitaka tu kujua ni kwa ruhusa ya nani kifaa cha shule kimetumika. Nduta akafungua faili, akatoa fomu ya Ndindi na fomu ya Teresiah, zote na muhuri. Wakaingizwa kwenye leja siku hiyo hiyo, Muthoki namba kumi na saba, Shirleen namba kumi na nane. Namba ziliandikwa kwa rangi nyeupe ya mafuta, ndani ya mkono juu ya kiwiko, ile rangi ya kuandikia viti. Halafu Bwana Gichuru akavuta ufunguo kutoka chini ya tai, akafungua kabati, akawasogezea nafasi kati ya masanduku, wakaingia. Alifunga. Alipangusa kioo kwa kiwiko.

Walikuwa wakitolewa saa kumi na kurudi nyumbani, kwa sababu leja ilisema shule ya kutwa.

Ndindi alikwenda ofisini kesho yake na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Bwana Gichuru alikuwa akila kuku. Alimkaribisha kiti kwa mfupa.

"Mama Muthoki, keti. Nataka kukushukuru. Wazazi wengi huleta takataka."

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu. Yuko ndani ya kabati."

"Yuko salama. Unajua shule hii yote ina kipimajoto kimoja tu? Nikiwaachia hawa watoto wa Eastlands, si watakivunja kwa wiki moja?"

"Si kazi yake ni kutumiwa?"

"Hapana, mama." Akanyonya kidole gumba, akakiangalia, akakipangusa kwenye pazia. Pazia lilikuwa na doa la mviringo mahali hapo, jeusi, la miaka mingi. "Kazi yake ni kuwepo. Mkaguzi akija akiuliza kipo, niseme kipo."

"Na masomo je? Anataka kufanya fizikia."

"Kwani pale ndani hasikii? Mwalimu anafundishia hapo hapo mbele yake. Ana kiti cha mbele kuliko wote."

Ndindi aliomba fomu aandike upya. Bwana Gichuru akamwonyesha muhuri, kwa upole, akaweka kidole cha mafuta juu ya jina la Muthoki, na jina likabaki na mafuta hayo. Ndindi alitoka nje, akafika mtaroni, akatema mate. Hata mto wenyewe uliobeba maji taka nyuma ya shule siku hiyo ulinuka vizuri kuliko ile ofisi.

Ukaguzi ulikuja mwezi wa Juni. Wenye shule za huko wanajua ukaguzi unavyokwenda: vifaa humtangulia mkaguzi. Kinachoonekana Jumanne shule hii, Jumatano kimekwisha funikwa gunia na kwenda shule ya pili. Jumanne Muthoki na Shirleen walipelekwa Dandora nyuma ya pikapu, wamewekewa majani makavu wasigongane. Mkaguzi aliwaangalia kupitia kioo cha huko, akatia alama. Alhamisi aliwaangalia tena kupitia kioo cha Mto Safi, akatia alama. Alilowesha kidole kwa ulimi kila alipofunua karatasi ya leja. Hakuwauliza kitu. Aliandika: Vifaa vya kutosha. Mazingira safi. Kisha akaingia ofisini kwa Bwana Gichuru, na harufu ya kuku ikafika hadi kidato cha kwanza.

Muthoki alirudi nyumbani siku hiyo na majani kwenye nywele. Mama yake alimchambua moja moja, kama anavyochambua mchele.

"Dandora wana masanduku pia," Muthoki akasema. "Kama ya kwetu tu. Hawajafungua. Lakini kuna moja walitupa, lilikuwa na panya. Na letu moja pia lilitupwa huko. Nililiona kwenye jaa tukipita. Jina la shule liko ubavuni."

Kufikia hapo vidole vyote vitano vya kushoto vilikuwa kioo, na viwili vya kulia. Kalamu alikuwa akiishika kwa vitatu vilivyobaki.

Ndindi alikwenda Dandora na viatu vya mvua. Jaa lilikuwa likifuka moshi. Alimpata mwanamke mmoja anayeokota, Wangeci, aliyekuwa amekalia sanduku lenyewe na kunywa chai. Mto Safi, ilisomeka. Vipimajoto, dazeni mbili. Majani ya ndani yalikuwa yameoza kuwa uji mweusi, na panya walikuwa wamezalia humo, wakakojoa humo, wakafia humo. Vioo karibu vyote vilikuwa vimepasuka.

"Hivi vitu vilikuja vimefungwa hivyo hivyo, mama," Wangeci akasema. "Hata karatasi ya mwenye kutuma ilikuwa bado. Ati alikuwa anawatakia watoto masomo mema."

"Hakuna hata kizima?"

Wangeci akaingiza mkono hadi kiwikoni, akatoa kimoja. Kilikuwa kizima. Ndindi alikiosha mara tatu, mara ya mwisho kwa maji ya moto, na uzi wa fedha ukapanda vizuri. Wiki nzima alilala akiwa na tumaini. Angempa mwalimu mkuu kitu, naye angemrudishia mtu.

Bwana Gichuru alikipokea kwa mikono miwili. Alikinusa.

"Hiki ni kutoka lile sanduku la panya," akasema. "Nakushukuru umekiosha."

"Sasa mtoe Muthoki kwenye leja, mwalimu. Hicho ndicho mlichoandika mwanzoni. Kipimajoto kimoja."

"Ndiyo. Na sasa vimekuwa viwili." Akavuta ufunguo, akaenda maabara, akafungua kabati, akakiweka juu ya rafu karibu na sikio la Muthoki, akafunga. "Mungu akubariki, mama. Wazazi kama wewe ndio wanaojenga shule."

Muthoki alisoma kupitia kioo mwaka huo na uliofuata. Aliandika kwa mkono wa kulia hadi ukakataa, halafu akashika yote kichwani. Mwalimu Lusweti alikuwa akigeuka kila baada ya swali, kwa siri, amwone anavyotikisa kichwa. Ada ya mtihani ililipwa, namba ya mtihani ikaja. Ndindi aliiandika ndani ya Biblia, na kila Jumapili aliifungua kuhakikisha bado ipo.

Oktoba 1998, wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo, bahasha ya siri ilifika yenye orodha ya vifaa vya kuandaliwa. Ilisema kila mtahiniwa atahitaji kipimajoto. Bwana Gichuru alihesabu: kidole, kidole, kidole. Kumi. Na kile cha jaa, kumi na moja. Watahiniwa wangeingia kwa zamu. Alifurahi sana hivi kwamba aliagiza kabati lipakwe rangi.

Asubuhi ya mtihani Ndindi alisimama nje ya dirisha la maabara pamoja na Teresiah, wala hakuna aliyewafukuza. Muthoki alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi na mama yake. Alilazwa juu ya meza ndefu, mikono imenyooshwa pande mbili, na kila kidole kikawekewa chupa yake ya maji ya moto. Watahiniwa kumi walizunguka. Kazi ilikuwa kupima maji yanavyopoa, kila nusu dakika, na kuchora mstari wake.

Msimamizi alisoma majina. Alipofika kwa Muthoki Wathome alisoma mara mbili, akaangalia kiti kitupu.

"Huyu yuko wapi?"

"Yupo, bwana," Mwalimu Lusweti akasema. "Ni yule pale mezani."

Msimamizi akageuka, akaangalia meza, akaangalia namba nyeupe juu ya kiwiko. "Hicho ni kifaa," akasema. "Nauliza mtahiniwa." Akangoja kidogo, kwa haki, kama kanuni inavyotaka. Halafu akaandika: Hayupo.

Muthoki alisikia. Hakusema kitu, kwa sababu kifaa kikisema katika chumba cha mtihani ni udanganyifu, na wote wangefutiwa. Alitulia. Maji yalipoa na vidole vyake vikapoa nayo, na watoto wakaandika namba walizozisoma kwake, wengine sawasawa, wengine zile walizofundishwa kuchukulia.

Katika zamu ya tatu, msichana mmoja mwenye woga alipokuwa akisogeza chupa aliigonga, na kidole cha mwisho cha kushoto, kile cha kwanza kabisa, kikakatika kwenye shina. Hakikupasuka. Hapakuwa na damu. Msichana alitaka kulia, na Muthoki akamkonyeza asilie, asipoteze muda. Mwalimu Lusweti alikiokota, akakifunga kwenye gazeti, akakitoa kupitia dirishani kwa Ndindi bila kumwangalia.

"Kaa nacho wewe," akanong'ona. "Nikikirudisha kwenye leja kitaandikwa kimevunjika, na utaambiwa ulete kingine."

Ndindi alikiweka nyumbani kwenye kabati la vikombe vya wageni, juu kabisa. Kilikuwa bado kinapima. Nyumba ikiwa na joto kinapanda, mvua ikinyesha kinashuka. Wathome alichonga kidole kingine cha muhugu, kizuri, na namba zake ubavuni, akamfungia Muthoki mkononi kwa uzi. Bwana Gichuru alipohesabu vifaa vya shule kufunga mwaka alipata vidole kumi. Alitia alama.

Matokeo ya Muthoki hayakuhitaji kungojwa. Wenzake walimaliza, wakachoma vitabu vya mazoezi nyuma ya choo, wakatawanyika. Yeye aliambiwa kwamba mtahiniwa humaliza lakini kifaa hakimalizi. Teresiah alimfunga Shirleen kitambaa machoni akampeleka kwa dada yake Murang'a, na baada ya siku nne shule ikatuma pikapu kumrudisha.

"Usiende kesho," Ndindi alimwambia Muthoki. "Tulale humu, tufunge mlango."

"Mama," Muthoki akasema, "Kamene anaingia kidato cha tatu Januari. Wakinikosa mimi watamchukua nani?"

Kamene ni mdogo wake. Basi Ndindi hakufunga mlango.

Jumatatu ya kwanza ya muhula, Januari 1999, foleni ilianzia dirishani kwa karani, ikapita nyuma ya choo cha walimu, ikafuata mtaro, ikaishia getini. Ndindi alikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo ufagio, kitambaa, karatasi za chooni na bunda lake. Kamene alisimama kando yake akijikuna shingo. Orodha ya Kamene ilisema kipimajoto kimoja. Mbele yao mama mmoja wa Donholm, mwenye mkoba mzuri, alikuwa akimuuliza karani aandike nini, maana hakuipata lenzi popote.

"Andika kitu tu, mama. Nafasi isibaki wazi."

"Usiandike jina la mtoto," Ndindi akamwambia.

Yule mama akamgeukia. "Sasa niandike nini, dada? Si mtoto ndiye nimemleta?" Akaandika. Muhuri ukagongwa.

Ikafika zamu ya Ndindi.

"Kipimajoto?" Nduta akauliza.

Ndindi akaingiza mkono ndani ya ndoo, akatoa gazeti, akalifungua juu ya ubao wa dirisha. Nduta akakichukua kile kidole, akakiinua mbele ya jicho bila kukiinamisha.

"Ishirini na tatu," akasema. "Hiki kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Kimewahi kutumika?"

"Mtihanini, mara moja."

Ndindi mwenyewe akaandika safu ya kulia, herufi moja moja: kipimajoto kimoja. Alisoma mara mbili. Nduta akagonga muhuri.

Alimsindikiza Kamene hadi mlango wa maabara. Kabati lilikuwa limepakwa rangi ya kijani. Bwana Gichuru alikuwa ametangulia kwa njia ya ndani. Alikuwa akikiweka kidole juu ya rafu, mahali pa wazi, akafunga, akapangusa kioo kwa kiwiko. Nyuma ya kioo Muthoki alikitazama. Akamtazama mama yake. Halafu akainua mkono wa kushoto, vidole vinne vya kioo na kimoja cha mti, akamwonyesha mdogo wake pa kukaa, benchi la mbele, kwenye mwanga.

Mwalimu Lusweti alikuwa akichora. Alichora jiko, akachora chupa, akachora mapovu. Kwa mgongo wake alikuwa karibu ameegemea kabati.

"Chukulieni haya ni maji," alisema. "Chukulieni yamechemka."

Kamene alifungua daftari. Ndindi alibaki mlangoni na ndoo tupu, akiangalia mikono ya mtoto inavyoandika mia moja. Ilikuwa bado ya nyama.